Muziki Usiomngoja Mtu

Wako wanaosema mpaka leo kwamba Mwalimu alipoteza kazi kwa ukaidi wake. Nimelisikia neno hilo kwenye vikao vya chai vya Watanzania wa Riyadh, nimelisikia hata kwa mtu aliyefundishwa naye kwa mkono wake, na kila nikilisikia damu inanichemka. Mkaidi ni mtu anayeng'ang'ania upuuzi. Yeye aling'ang'ania jambo moja tu, kwamba mchezaji ndiye anayeuita muziki na muziki ndio unaomngoja mchezaji. Kwa jambo hilo alikuwa radhi kuiweka rehani ikama yake, kile kibali cha ukaazi ambacho ukikikosa huku huwezi hata kusajili laini ya simu. Huo si ukaidi. Sijui uitwe nini, ila si ukaidi.

Alikuwa mwanamke wa Kikenya, na alifundisha flamenko. Najua watu wanavyotabasamu wakisikia hivyo, kana kwamba nimewaambia samaki anafundisha kuendesha gari. Flamenko ni ngoma ya kusini mwa Uhispania: gitaa, mwimbaji, makofi, na miguu inayogonga sakafu kwa viatu vyenye misumari kwenye soli. Namna alivyofika Uhispania, aliyemfundisha, na miaka aliyokaa huko, hayo aliyatoa kidogo kidogo siku akiwa amefurahi, na mimi sikuwa mtu wa kumchimba. Ninachojua ni kwamba alipoinua mkono mmoja tu, mwanamke yeyote aliyekuwa chumbani aliacha kutafuna jojo.

Studio ilikuwa mtaa wa Sulimaniya, ghorofa ya juu ya duka la magauni ya harusi, na ilikuwa ya wanawake peke yao. Mimi ni mfamasia. Kutwa nzima nasimama nyuma ya dirisha la dawa nikieleza watu vidonge vya kabla ya chakula na vya baada ya chakula. Nilijiandikisha kwa sababu nilichoka kurudi kwangu Nasim kila jioni kutazama tamthilia za Kituruki. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ni wa Tanzania," akasema. "Marahaba. Lakini usinizeeshe mbele ya watoto wa watu." Kisha akaona simu mkononi mwangu. "Na hiyo ni ya nini?"

"Nimeweka nyimbo, Mwalimu. Za flamenko. Nyingi tu."

Akaichukua, akaitia kwenye mfuko wake wa viatu, akafunga zipu. "Utaipata ukienda nyumbani. Hapa bado hatujafika kwa nyimbo."

Hatukufika kwa nyimbo msimu mzima. Alikuwa na meza ndogo ya mbao aliyoigonga kwa konzi za vidole, na hiyo meza ndiyo ilikuwa bendi yetu. Kwanza tulijifunza tango ya flamenko, si ile ya Argentina, ambayo huenda kwa nne kama hatua za mtu anayerudi sokoni. Tulipoanza kuizoea, akatuingiza kwenye hesabu ya kumi na mbili, ambayo uzito wake haukai pale unapoutarajia: unakaa kwenye tatu, kwenye sita, halafu unakuja haraka kwenye nane, kumi, kumi na mbili. Wanawake wenye shahada zao walilia kwa hiyo hesabu. Mhasibu mmoja wa Kimisri alisema hajawahi kuaibishwa na namba maishani mwake. Mwalimu akaendelea kugonga meza.

Aliyekuja akidhani atachagua wimbo aupendao alikuwa anajidanganya. Mwalimu ndiye aliyekuchagulia, na hakukuuliza chochote. Alikutazama ukitembea kutoka mlangoni hadi kwenye benchi la kuvulia viatu, basi, amemaliza. Hakujali umri wala sura. Kulikuwa na binti mmoja anayesomea udaktari, ameachwa na mchumba, akataka solea, ambayo ni ngoma nzito ya polepole ya watu waliobeba jambo kifuani. Mwalimu akampa tango.

"Lakini mimi nina huzuni," binti akasema.

"Huna huzuni wewe. Una usingizi. Lala masaa manane kila usiku kwa wiki mbili, halafu uje unionyeshe hiyo huzuni."

Binti alilala, akacheza tango, na baada ya muda hata jina la yule mchumba likawa linamtoka kwa shida. Mimi nilipewa solea. Nilimuuliza kwa nini, maana nilikuwa mtu wa kucheka na kila mtu pale. Akasema, "Unatembea kama mtu ambaye hajaambiwa pole." Nilienda chooni nikajifungia. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale studio.

Msidhani alizichukia rekodi zote. Alizisikiliza, tena kuliko sisi, ila alizipima kwa namna yake. Alifumba macho akangoja mahali mpiga gitaa anapovuta pumzi. Kama hapakuwa na mwanya ambao mchezaji anaweza kuingiza miguu yake, aliizima. "Huyu hana adabu," angesema. "Anaongea peke yake. Nitamjibu saa ngapi?" Rekodi zenye ngoma za kompyuta hakuzimaliza hata mstari wa kwanza. Mashine, alisema, haina masikio, na wewe unayecheza nayo ni kama mtu anayegombana na redio. Rekodi nzuri aliturushia kwa ajili ya kusikiliza tu, tukiwa tunapika au tuko njiani. Kuifanyia mazoezi, hapana.

Tulimwona mkali wa bure, mpaka tulipojifunza wenyewe. Sisi wanne watano tulipata mtandaoni solea moja tamu, tukaifanyia mazoezi kwa siri kila mtu kwake. Mimi niliicheza jikoni Nasim kwa sendo, mpaka jirani wa chini akatuma mlinzi kuuliza kama tunavunja ukuta. Tukaijua rekodi ile kama tunavyojua kengele za simu zetu. Kisha tukaingia darasani vifua mbele.

Hapa lazima nieleze habari ya mpiga gitaa. Alikuwa daktari wa meno, Msyria, mtaratibu, na kwa kuwa ni mwanamume hakuruhusiwa kuingia kwenye studio ya wanawake. Mwalimu hakusema basi. Alimwekea kiti nje, kwenye korido ya ngazi, akaacha mlango wazi kiasi cha vidole viwili. Daktari alipiga gitaa hakuna anachokiona isipokuwa ubao wa mlango. Alitufuata kwa kusikiliza miguu. Alimjua kila mmoja wetu kwa kisigino, na siku moja alipokutana nami kwenye lifti kwa mara ya kwanza akanisalimu kabla sijafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amesikia ninavyotembea.

Siku ile tukaanza. Tulipofika mahali ambapo rekodi yetu ilikuwa na mlio fulani wa kupanda, sote tukaungojea mlio ule utuambie tugeuke. Haukuja. Daktari naye, kule nje, alikuwa anangoja miguu yetu imwambie aende wapi. Maana katika flamenko mchezaji ndiye anayepiga mwito: anagonga miguu kwa namna fulani, na gitaa linajua sasa anataka sehemu nyingine. Sisi tulikuwa hatuna mwito. Tulisimama mikono juu, yeye akizungushazungusha nyuzi zilezile, mpaka gitaa likanyamaza na sauti ikatoka kwenye ule upenyo: "Halas, basi? Mmeondoka?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka. "Mmejua wimbo," akasema, "ngoma hamuijui. Siku mkipanda jukwaani na mtu mzima mwenye gitaa, mtasimama hivyohivyo kama nguo kwenye kamba." Tangu siku hiyo hatukuruhusiwa kufanya mazoezi na kitu kimoja mara mbili mfululizo. Leo makofi, kesho meza, keshokutwa gitaa la koridoni, na kila siku mwendo ukibadilika, ili tusishike chochote ila hesabu.

Na mtu huyuhuyu aliyetufundisha kungoja hakuweza kungoja lifti. Alipanda ngazi na goti lake bovu akimtukana fundi wa lifti kwa Kikikuyu. Hakungoja chai ichemke, aliinywa maji ya moto yenye rangi. Alichelewa kila mahali, hata kwenye harusi, hata ubalozini, ila hajawahi kuchelewa pigo moja la kumi na mbili. Nyumbani kwake Suwaidi, kwenye chumba alichopanga na nesi wa Kifilipino, hakusikiliza flamenko hata kidogo. Alisikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe wa Kimarekani, zile za gari bovu na mke aliyeondoka, akisonga ugali na kufuta machozi kwa kiwiko. Nilipomcheka aliniambia kwamba zile ni za kupikia. Kila muziki una kazi yake, na mtu asiyejua kazi ya muziki ndiye anayempigia mgonjwa ngoma ya harusi.

Sasa nije kwa yale yanayonitia uchungu.

Mwenye studio tulimwita Madam. Ndiye alikuwa kafili, yaani mdhamini, wa Mwalimu, maana ikama yake ilikuwa chini ya studio. Madam hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa picha. Alipotengeneza tangazo la darasa la flamenko aliweka picha ya mwanamke mwingine kabisa, mweupe, ua jekundu sikioni, aliyetolewa huko mtandaoni. Picha ikabandikwa kwenye kioo cha mlango wa chini, kubwa kuliko mlango wenyewe. Wanawake wakawa wanapanda ngazi wakimtafuta yule mwenye ua, wakifika wanamkuta Mwalimu, wanamuuliza mwalimu yuko wapi. Mmoja alimpa koti lake alitundike.

Nilitaka kwenda kulichana lile tangazo. Nilimwambia, "Mwalimu, hii ni dharau. Huu uso si wako, na kazi ni yako."

Aliitazama picha muda mrefu, kichwa upande, nikajua sasa atalipuka. "Huyu mama," akasema, "mkono ameushika vibaya. Kiwiko kimeanguka. Anayemfundisha hajamwona." Akapanda ngazi akaenda kuvaa viatu. Hilo tu ndilo lililomkera.

Basi kukawa na usiku wa ngoma za mataifa katika hoteli moja ya Jeddah, ukumbi wa watu wote, wanaume kwa wanawake, na studio yetu ikaalikwa. Mwalimu akachagua solea, wanawake watano na yeye, na daktari wa meno akae jukwaani, kwa mara ya kwanza upande mmoja na sisi. Madam akasema hapana.

Nilikuwepo, nafunga kamba za viatu. "Solea?" Madam akasema. "Watu watalala. Weka ule wa haraka, wenye ngoma, ambao kila mtu anaujua. Watapiga makofi."

"Ule ni wa kulia chakula, Madam. Hauna nafasi ya miguu. Na ni rekodi. Hawa nimewafundisha kuita. Wataita nani?"

"Nani ataona tofauti?"

"Wao wataona. Na mimi."

"Mimi ndiye kafili wako," Madam akasema, bila kupandisha sauti.

"Wewe ni kafili wangu mimi," Mwalimu akajibu. "Si kafili wa muziki."

Madam akasema tayyib, haya sawa, akaondoka. Mwalimu alidhani amekubaliwa. Mimi nimefanya kazi hospitalini huku miaka ya kutosha, najua tayyib ya namna ile maana yake ni hapana. Nilimwambia. Akaniambia nisiwe na roho ya polisi.

Jeddah, taa zikazimwa, tukajipanga jukwaani na sketi zetu. Nikatafuta kiti cha daktari kwa macho. Hakuna. Nikamwona pembeni, ameshika gitaa shingoni, na mfanyakazi mmoja wa hoteli amemwekea mkono kifuani: "Mafi gitaa, hakuna gitaa. Madam amesema." Na kabla sijamgusa Mwalimu bega, wimbo ukalipuka kwenye maspika. Ule wa haraka. Watu wakaanza kupiga makofi palepale, wamefurahi, wasijue lolote masikini.

Nataka mtu anayemwita mkaidi aniambie yeye angefanya nini. Angeruka ruka pale kama kuku? Wanawake watano walioacha watoto wao na zamu zao kwa miezi, waliojifunza kumi na mbili kwa machozi, wageuzwe mapambo ya chakula cha jioni, na yeye atabasamu?

Mwalimu alishuka jukwaani. Hakukimbia. Alizishika ngazi moja moja kwa sababu ya goti, akapita mbele ya meza za wageni, akafika kwenye meza ya sauti. "Zima," akamwambia fundi. Fundi akamwangalia Madam kwenye safu ya mbele. "Usimwangalie yeye. Yeye hachezi." Fundi akabaki kaduwaa, basi Mwalimu akanyoosha mkono akauzima wimbo mwenyewe. Ukumbini vikabaki kusikika vijiko tu.

Alirudi kwa mwendo uleule. Akamwashiria daktari. Yule mfanyakazi wa hoteli akaondoa mkono, nadhani hata yeye alitaka kuona. Daktari akakaa kwenye ngazi ya jukwaa kwa kukosa kiti, akaanza polepole, na sisi tukaanza. Siwezi kujisifia, lakini siku ile nilielewa kitu. Ilipofika zamu yangu nikapiga mwito, na gitaa likaacha lilichokuwa likifanya likanigeukia. Lilinigeukia mimi. Nilikuwa na mama yangu kifuani na lile gitaa likaningoja nimalize. Bibi mmoja kwenye safu ya pili, mwenye abaya nyeusi, akasema "Allah!" kwa sauti, kama mtu aliyechomwa na kitu, na baada ya hapo hakuna aliyelala.

Walisimama kutupigia makofi. Madam alipanda jukwaani, akapokea maua, akapiga picha katikati yetu. Picha zikawekwa mtandaoni usiku uleule, na maneno ya fahari kuhusu studio. Na baada ya picha, sio kabla, alimvuta Mwalimu koridoni.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Watu wamesimama, Madam."

"Halas. Riyadh usije studio."

Maua bado alikuwa ameyashika. Hilo sitamsamehe. Angeyaweka chini kwanza.

Na sisi? Sisi watano tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na wawili wakaanza kusema afadhali angecheza tu ule wimbo, dakika chache zingepita, kwani ingempunguzia nini. Walewale waliokuwa wanatetemeka kwa furaha muda mfupi nyuma. Niliwaambia maneno ambayo siyaandiki. Mwalimu mwenyewe akaninyamazisha, huku akivua viatu. "Wacha, wacha. Si tulicheza? Wacha."

Alikuwa na bahati, au pengine yule bibi wa abaya alimsemea mahali, sijui. Shule moja ya wasichana huko Jeddah ilimtaka kwa mazoezi ya viungo, wakaihamisha ikama yake. Kabla hajaondoka Riyadh aliniita Suwaidi. Nikamkuta jikoni amezima jiko, amezima feni, amemfungia yule nesi wa Kifilipino chumbani na kumkataza kupiga chafya.

"Leta simu yako," akasema. "Mtabaki bila mtu wa kuwapigia. Nitawapa mikono."

Alipiga solea kwa makofi matupu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito isiyokera, muda wa kutosha mtu kufanya mazoezi mpaka akachoka. Hakuhesabu kwa mdomo. Mara mbili tatu alikohoa katikati na hakupoteza pigo. Yeye aliyekataa kucheza na kitu kilichorekodiwa alijirekodi mwenyewe, na nilipomtania akasema hii haina wimbo ndani, hakuna mtu atakayeikariri, ina mahali pa kukaa tu. Niliwatumia wenzangu. Wao wakawatumia wengine.

Mimi sikuhama studio. Studio ya pili ya flamenko haikuwepo Riyadh, na hasira yangu ningeipeleka wapi, nyuma ya dirisha la dawa? Akaja mwalimu mpya, binti mpole wa Kihispania, asiye na kosa lolote. Siku moja akawasha spika tuanze solea, na nikasikia makofi. Nikasikia kikohozi. Kwenye tangazo jipya Madam alikuwa ameandika kwamba wanafunzi wanapewa makofi maalumu ya studio yetu ya kufanyia mazoezi nyumbani.

Mwaka huu nilienda Umra, na nilipomaliza nikateremka Jeddah kumwona. Anakaa ghorofa ya chini siku hizi kwa ajili ya goti. Alikuwa amelinyoosha juu ya stuli, amelifunga na pakiti ya njegere za friji, na wachunga ng'ombe wake wanaimba taratibu kwenye redio. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Sasa hiyo nimeistahili, endelea nayo." Tukacheka. Nikamtengenezea chai nikamlazimisha aingoje ichemke.

Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu na nikautua mara moja. Nikamwambia habari ya tangazo. "Makofi ya studio, Mwalimu! Yako! Ni wizi huo!"

Akapuliza chai. "Makofi ni makofi."

"Hata jina lako hawakuweka."

"Jina langu liko kwa ikama. Inatosha."

Nilikasirika, sio kwa Madam sasa, kwa yeye. Nikaona kweli kuna watu unaweza kuwachukulia kila kitu wakakushukuru kwa kuwaachia stuli. Nikatoa simu ili asikie mwenyewe, nilikuwa nimerekodi darasani wiki ile. Nikazima redio, nikaiweka simu mezani kati yetu.

Makofi yakaanza. Aliangalia simu kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

"Zima." Nikazima. "Rudisha mwanzo." Nikarudisha. "Ni nani huyo?"

"Ni wewe. Sikiliza, hapo utakohoa."

Akakohoa, mle ndani, kikohozi chembamba cha haraka.

"Mimi siendi hivyo."

"Wameongeza kasi. Kuna kitufe tu kwenye simu, unavuta. Madam anasema polepole inawachosha wateja."

Njegere zilianguka. Alikuwa amesimama, na goti lile, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia, si kwenye studio, si Jeddah koridoni.

"Wamenitoa kazi, nikanyamaza! Wakaweka mama mwenye kiwiko kimeanguka, nikanyamaza! Sasa wananikimbiza? Mikono yangu inakimbizwa iende wapi? Mtoto anayejifunza solea kwa hiyo takataka, ataita saa ngapi? Kuna mahali pa kuweka hata unyayo hapo? Niambie, kuna mahali?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Hakuna!" Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye nilimwona akilia kwa nyimbo za ng'ombe tu. Akaanza kupiga makofi pale aliposimama, ule mwendo wenyewe, mzito, wenye nafasi. Nilishika pigo kwa vidole vya miguu, bila kutaka.

"Una darasa lini?"

"Jumanne."

"Waambie warudishe mwendo. Basi. Usianze mambo yako ya jina. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niahidi."

Nikamwahidi.

Jumanne yule binti wa Kihispania akawasha spika, nikainua mkono nikamwomba azime. Nikamweleza kwamba ule si mwendo wa makofi yale, umevutwa, na aliyepiga anaomba urudishwe. Akanitazama kama hanielewi.

"Aliyepiga?" akasema. "Kuna mtu aliyepiga? Mimi niliambiwa yametengenezwa na kompyuta."

Nikageuka nikawaangalia wenzangu. Wapya walikuwa wanangoja. Wa zamani, wale aliowagongea meza msimu mzima, walikuwa wanaangalia viatu vyao, na nikatambua kwamba hata wao hawajui anaitwa nani, maana kwa miaka yote walidhani Mwalimu ndilo jina lake.

"Ni nani?" binti akauliza.

Basi nikalitaja. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote kama yalivyo kwenye ikama. Mlango ukafunguliwa na Madam akaingia, simu sikioni, na mimi nikalirudia kwa mara ya pili, polepole zaidi, ili naye alisikie lote.